Mngurumo, Mvumo na Mkoromo: Lugha ya Fundi Redio wa Ufipa



Mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili na Historia, nilichukua kinasa sauti cha kaseti, nikapanda baiskeli hadi kijiji kimoja nje ya Sumbawanga. Nilikwenda kumhoji mzee ambaye utotoni mwake alikuwa akiwachotea maji watu waliotengeneza chuma kwa matanuri marefu ya udongo. Tulizungumza alasiri nzima. Kaseti ile niliitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa juu ya kabati kwa miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao siku ya mahojiano.

Nilipostaafu niliazimu kuyaandika maneno ya mzee yule neno kwa neno. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu la ujana: kinasa sauti nilikiweka karibu nami, mzee akakaa mbali. Sauti yangu inasikika kama ya mtangazaji. Yake ni kama ya mtu azungumzaye nyuma ya ukuta. Redio ndogo ya mezani haikuweza kuyapambanua maneno yake na kelele za kuku. Nilihitaji hedifoni za kuziba masikio, na nilihitaji kikuza sauti cha kuzisukuma.

Nilikuwa na redio ya mbao ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande wake wa kupokea mawimbi ulikwisha kufa, lakini upande wa kukuza sauti ulionekana mzima: valvu tatu, EBC81, EL84 na EZ80, pamoja na transfoma zake mbili. Niliung'oa upande huo, nikaupanga upya juu ya bamba la bati, nikaweka tundu la hedifoni mahali pa spika. Usiku nilipouwasha, kabla mzee hajatamka neno, kitu kingine kilitamka. Ulikuwa mngurumo mzito, usiopumua, uliojaa masikio yote mawili.

Makala haya ni historia ya mngurumo huo. Ni historia ya valvu katika nchi yetu ya juu, na ya maneno ambayo kwayo mafundi wetu walijifunza kusikia kilichoharibika. Mwishoni nitarudi kwa mzee, kwa sababu yeye ndiye niliyemtafuta tangu mwanzo.

Umeme wa mawinguni na umeme wa waya

Anayeishi Ufipa hawezi kulizungumzia neno "umeme" kijuujuu. Mji wa Sumbawanga uko yapata meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki ardhi inaporomoka kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi zinazotikisa mabati. Jina lenyewe la mji, kwa maelezo yanayosimuliwa na wengi, ni amri: tupa uchawi. Utani wa nchi nzima unaotuhusisha sisi na radi sote tunaufahamu, na tumeuzoea.

Katika Kiswahili cha zamani, umeme ni mwanga wa ghafla utokao mawinguni. Ngurumo ni sauti yake. "Radi" tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako neno hilo hutaja ngurumo hiyohiyo. Ilipokuja nguvu ipitayo kwenye waya, Waswahili hawakuomba jina kwa mtu: waliushusha umeme kutoka mawinguni wakautia ndani ya waya. Jirani zetu wengi wa Kenya walipita njia nyingine, wakachukua "stima", neno lililokwisha kutaja meli ya mvuke. Neno letu na lao yote ni kumbukumbu ya kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kukiona kabla ya mtambo mpya kufika.

Waya nao una historia yake hapa. "Simu" asili yake ni neno la Kiajemi la uzi wa madini, yaani waya wenyewe. Kabla ya kuwa sauti ya mtu aliye mbali, simu ilikuwa uzi uliotandazwa juu ya nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 20, waya wa simu ya maandishi wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliokusudiwa kuunganisha Cape Town na Kairo, ulitoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ukavuka mpaka wa koloni la Wajerumani hadi Ujiji. Haukufika Kairo. Na hata waya ulipokuwapo, habari zilichelewa: vita vya Ulaya vilikoma tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadaye. Umbali wa habari ulikuwa jambo zito kwa watu wa nchi hii ya juu. Redio ilipokuja, haikuwa pambo.

Kutoka sikio moja hadi barazani

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Kiswahili tunalo neno zuri kwa hali hiyo: ombwe. Ndani ya ombwe hilo mna uzi unaopashwa moto. Uzi huo huipasha kathodi. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti chanya. John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya namna hiyo nchini Uingereza mwaka 1904. Ilikuwa na ncha mbili tu, na kazi yake ilikuwa kupitisha mkondo upande mmoja na kuukataa upande wa pili, kama mlango usukumwao kwa ndani peke yake. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kati ya ncha hizo kiwavu kidogo kiitwacho gridi. Hapo mambo yakageuka. Volti ndogo kwenye gridi iliweza kutawala mkondo mkubwa, kama mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga lango la mfereji mpana. Huko ndiko kukuza sauti.

Kabla ya ukuzaji huo, msikilizaji wa redio alikuwa mtu mmoja mwenye hedifoni kichwani. Nguvu iliyofika kwake kutoka hewani ilikuwa hafifu mno isiweze kusukuma spika. Valvu ndiyo iliyoitoa sauti sikioni mwa mmoja ikaipeleka barazani kwa wengi. Nataka msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa watunzi wetu wanajua tofauti kati ya shairi linalonong'onwa na shairi linaloghaniwa mbele za watu.

Katika pembe yetu ya Afrika ya Kati na Mashariki, baraza hilo lilipata chombo chake mwaka 1949. Huko Lusaka, Harry Franklin, aliyesimamia idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alitafuta redio ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikaitengeneza kwa umbo la sufuria, rangi ya bluu, ikiendeshwa kwa betri kavu. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ililipiwa mbali. Watu wakaiita redio ya sufuria. Nayo ilikuwa ya valvu. Redio za namna hiyo zilihitaji volti ndogo ya kupasha nyuzi na volti kubwa, kama 90, ya kuvuta elektroni. Ndiyo maana betri zake zilikuwa nzito kama tofali.

Mpaka kati ya Ufipa na Rhodesia ya Kaskazini ulichorwa na wageni. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili hadi leo. Lakini neno lilikatwa na mpaka huo. Upande wa kusini watu walilichukua jina la Kiingereza la chombo kisicho na waya, wakalifinyanga likawa "wayaleshi". Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo cha Lusaka, alikiita kitabu chake kwa jina hilo hilo mwaka 1959. Upande wetu tulisema "redio". Kitu kimoja, valvu zilezile, majina mawili.

Dar es Salaam nayo ilianza kusema. Sauti ya Dar es Salaam ilifungua matangazo tarehe 1 Julai 1951; mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika; mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nikiwa mtoto, redio ya kijijini kwetu ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu. Jioni tulikaa uani tukisubiri valvu zipate moto. Hilo nalo vijana wa leo hawalijui: redio ya valvu haikuitika papo hapo. Uliiwasha, ukangoja, ukaona wekundu mdogo kupitia matundu ya mgongo wake, ndipo sauti ikaja taratibu kama mtu atembeaye kukujia. Sisi watoto tuliziita taa za redio.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haikuhitaji moto wala kungoja. Ilipoenea nchini katika miaka ya 1960 na 1970, redio ikawa nyepesi, ikaendeshwa kwa betri ndogo, ikafuata watu mashambani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza, isingewezekana kwa betri nzito kama tofali. Redio za mbao zikapanda darini. Huko ndiko zilikosubiri kufa au kufufuliwa.

Majina ya wataalamu, vitenzi vya fundi

Kwa miaka mingi Sumbawanga alikuwapo fundi mmoja aliyezifufua. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Sitamtaja jina, ameshatangulia mbele za haki, na familia yake ni watu wapendao utulivu. Mimi nilianza kwenda kwake nikiwa mteja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bidhaa zilipokuwa adimu na sote tulikuwa tukianika betri juani ili zitupe jioni moja zaidi. Nikaendelea kwenda nikiwa mwanafunzi wake asiyelipa ada.

Alisoma hadi darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno yaliyochapwa kwenye vipuri. Lakini mtu alipomletea redio, hakuuliza ina nini, aliuliza, "Inaliaje?" Kisha alifumba macho akasikiliza. Alikuwa na maneno yake. Redio inayonguruma haikuwa sawa na redio inayovuma. Inayokwaruza haikuwa sawa na inayotatarika. Iliyopiga mluzi ilikuwa na ugonjwa mmoja, iliyokoroma mwingine. Valvu iliyolia kama kengele ukiigonga kwa kalamu aliiweka kando, hata kama ilikuwa bado na nguvu. Na baada ya sauti yalikuja maneno ya vipuri vyenyewe: hiki kimekauka, hiki kinavuja, hiki kimekula shoti, huu umekatika ndani.

Mimi wakati huo nilikuwa shabiki wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa ikifanya kazi kubwa ambayo nitaiheshimu daima. Mwaka 1990 taasisi hiyo ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Niliinunua, nikampelekea fundi kwa furaha. Aliifungua, akaipekua kwa adabu, akairudisha. "Mwalimu," aliniambia, "hapa naona majina ya vitu vizima. Mimi huletewa vibovu."

Nilicheka wakati ule. Leo sicheki. Istilahi, kwa asili yake, hutaja vitu na dhana: ukinzani, mkondo, sakiti, wimbi. Ni nomino, na lazima ziwepo. Lakini kazi ya kutengeneza huanza na kitenzi. Kitu kinafanya nini ambacho hakipaswi kufanya? Lugha isiyokuwa na vitenzi hivyo itaweza kukifundisha kifaa darasani, ila haitaweza kukiponya. Na kwa kuwa fizikia ya sekondari twaisoma kwa Kiingereza, vitenzi hivyo havikuingia shuleni. Vilibaki kibandani.

Kumtafuta mgonjwa alipo

Sasa turudi kwenye bamba langu la bati, ili msomaji aone vitenzi hivyo vikifanya kazi.

Fundi alinifundisha sheria moja kabla ya nyingine zote. Ndani ya kifaa cha valvu mna volti 250 na zaidi, na kapasita kubwa huzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo unachomoa, unangoja, unaupunguza umeme uliobaki kwa kuupitisha kwenye kikinzani hadi chini, kisha unapima kwa mita kuhakikisha haupo. Ikilazimu kupima kifaa kikiwa kimewashwa, mkono mmoja unakaa mfukoni, mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Nilimsahau mara moja tu, mwaka 1992, na kiganja changu cha kushoto bado kina alama.

Hatua ya pili ni kugawa. Huwezi kukikagua kila kipuri. Unakigawa kifaa nusu kwa nusu na kuuliza ugonjwa uko upande gani. Nilizima, nikaichomoa valvu ya kwanza, EBC81, nikawasha tena. Mngurumo ulibaki vilevile. Basi haukutoka kwenye kaseti wala kwenye valvu ya mwanzo. Ulikuwa kwenye EL84, au kwenye chakula chake, yaani sehemu inayougeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo wa njia moja.

Hapo sikio likaingia. Umeme wetu hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo wa mizunguko 50 ni laini, wa chini sana, kama upepo kwenye tundu la chupa. Lakini valvu ya EZ80 huchukua pande zote mbili za mzunguko, ya juu na ya chini, na kwa hiyo mabaki yake hupiga mara 100 kwa sekunde, kwa sauti ya juu zaidi na yenye makali. Ndiyo tofauti ambayo fundi aliitenga kwa vitenzi viwili, bila kuhesabu mizunguko: kuvuma na kunguruma. Redio yangu ilinguruma. Basi kapasita za kuchuja zilikuwa zimekauka.

Angalieni ukweli wa neno hilo. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na miaka darini huyakausha kweli. Fundi hakuwahi kuipasua kapasita maabara. Kitenzi chake kilikuwa sahihi kuliko maelezo ya kurasa mbili. Nilizima, nikaondoa umeme uliobaki, nikaunganisha kapasita nzima sambamba na ile ya zamani, nikawasha. Mngurumo ukashuka kama mvua inayohamia kijiji kingine. Nikazibadilisha zote mbili.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona redio hiyo haikunguruma hivyo barazani? Huenda ilinguruma. Spika yake ndogo haikuweza kuzitoa vizuri sauti za chini, na watu, mbuzi na upepo walizifunika. Hedifoni hazina huruma hiyo. Zinakaa juu ya sikio na kusema kila kitu.

Na kweli zilisema zaidi. Niliporudisha EBC81, ukabaki mvumo, ule laini wa mizunguko 50. Huo nao una kisa chake: nilikuwa nimefunga waya wa chini kwenye bati mahali pawili, na kati ya mahali hapo mkondo mdogo ulikuwa ukizunguka. Nikazifunga nyaya zote za chini mahali pamoja. Mvumo ukatoweka.

Nikadhani nimemaliza. Lakini baada ya dakika kumi sauti ya mwalimu kijana wa mwaka 1986 ilianza kukoroma. Nilizima taa ya chumba, nikaiona EL84: bamba lake la ndani lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Nilizima haraka. Kifaa kilipopoa niliwasha tena, mita mkononi. Kwenye kathodi, yenye kikinzani cha omu 135, panapaswa kuwa na volti 7 na kidogo. Palikuwa na 11 na panapanda, maana yake milliampea zaidi ya 80 mahali pa 54. Gridi, ambayo haipaswi kuwa na volti chanya yoyote, ilikuwa nayo karibu 7.

Kipuri kimoja tu hukaa kati ya volti kubwa ya valvu ya kwanza na gridi ya valvu ya pili: kapasita ndogo ya kupitishia sauti. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Nikauachia mguu wake mmoja. Gridi ikashuka hadi sifuri. Kapasita ilikuwa inavuja, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo ilivyozidi kuvuja. Nikaweka mpya ya nanofaradi 22. Kathodi ikatulia kwenye 7. Bamba likabaki na weusi wake. Kikuza sauti kikanyamaza, na unyamavu ule ndio mwisho wa kazi ya fundi: kifaa kisiwe na neno lake mwenyewe, kipitishe la mwingine.

Neno lililokatwa

Nikavaa hedifoni, nikamsikiliza mzee.

Yafaa nieleze kwanza alichokuwa akisimulia. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Mabaki ya matanuri marefu yaitwayo malungu, mengine yakimzidi mtu kimo, bado yanaonekana katika baadhi ya sehemu za nchi hii ya juu, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyachunguza pamoja na matanuri mafupi yanayoitwa katukutu. Ilungu, kwa umoja, halikuhitaji mivukuto: urefu wake wenyewe uliivuta hewa kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo. Majembe ya dukani yaliimaliza kazi hiyo. Kuta zilibaki, mafundi wakafa, na mtoto wa leo akipita karibu na ilungu anaweza kudhani ni kichuguu.

Kwa kutumia redio ndogo, nilikuwa nimeandika katika daftari kwamba nilimwuliza mzee, "Tanuri likishindwa kutoa chuma, mafundi walisemaje?" na kwamba alijibu, "Liliharibika." Jibu hilo lilinisikitisha kidogo kwa umaskini wake, lakini nililiandika.

Sasa, bila mngurumo, bila mvumo, bila mkoromo, nikasikia kilichotokea kweli. Nilipouliza swali, mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Inategemea, mwalimu. Likifanya hivi, tulisema..." na akaanza neno la Kifipa. Silabi moja, labda na nusu. Na juu ya silabi hiyo ikapanda sauti kijana, safi, yenye matamshi ya chuo cha ualimu: "Yaani liliharibika?"

Kimya. Jogoo akawika. Kisha mzee, kwa upole wa mtu mzima asiyetaka kubishana na mgeni: "Ndiyo, mwalimu. Liliharibika."

Nimerudia kipande hicho mara nyingi, nikipandisha na kushusha sauti. Neno halipo. Hakuna kapasita ya kubadilisha hapo. Mzee alisema "likifanya hivi", maana yake palikuwa na neno la kufanya hivi na neno la kufanya vile. Palikuwa na orodha nzima ya vitenzi vya tanuri, kama ile ya fundi wa sokoni, iliyojengwa na vizazi vya watu waliosikiliza moto. Nami nikampa kitenzi kimoja cha jumla, sanifu, kisichokosea mtihani. Akakipokea kwa adabu.

Sielekezi lawama kwa Kiswahili. Lugha hii haikunituma nimkatize mzee. Ndani yake mna mngurumo na mvumo, mkwaruzo na mkoromo, mluzi na mtatariko, utajiri ambao fundi wa darasa la nne aliutumia kuponya mitambo iliyotengenezwa Ulaya. Iliyokosa nafasi siku ile ni subira yangu. Nilikwenda kukusanya maneno huku nimekwisha kuyabeba.

Basi ninyi watunzi na wapenzi wa lugha mnaosoma hapa, nawaomba jambo moja dogo. Karibu na kila mmoja wenu yuko fundi anayezeeka: wa redio, wa cherehani, wa baiskeli, wa pampu ya maji, wa mtumbwi. Mwendeeni kabla mawimbi hayajakatika. Msimwulize kifaa hiki kinaitwaje. Hilo mtalikuta katika kamusi. Mwulizeni kikiharibika kinaliaje, na akishika pumzi kutafuta neno, nyamazeni. Kisha kinasa sauti kiwekeni karibu naye.